Sindano Hakutoroka

Liuli, Jumamosi alasiri

Mwanangu Editha,

Mmetoka sasa hivi wewe na mama yako kwenda kumuaga Bibi. Namjua mama yangu, hawezi kuwaachia mapema. Atakuombea sala ndefu, atakulisha, halafu atakumbuka sala nyingine. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa hapa bandani kwa Watasema, nimegeuza ndoo nikaikalia, daftari liko gotini. Mbwa wake wachanga, wote watano, leo wana siku tano, macho bado yamefumba, wamelaliana kama viazi kwenye kikapu. Jogoo naye amekuja kusimama mlangoni ananitazama. Huyo jogoo nitamfikia.

Mambo ya sabuni, kufuli la sanduku, jina kwenye ndoo, blanketi zito la baridi ya Mbinga, hayo mama yako amekuimbia wiki nzima mpaka na mimi nayajua kwa kichwa. Siongezi. Mimi nina jambo moja tu, na nalizunguka miezi minne sasa kama mbwa anavyozunguka mahali kabla ya kulala. Nimechoka, mama. Si uchovu wa kazi. Ule naujua, nikilala unaisha.

Nimeona niandike kwa sababu mdomo wangu unaujua. Ukiachiwa unaanza na hili, unarukia lile, unamalizia na injini ya pikipiki ya fulani. Kwenye karatasi angalau nikikimbia sana naweza kurudi nikakata.

Unakumbuka tulivyoanza na mbwa? Huwezi kukumbuka yote, ulikuwa darasa la pili. Mimi nilikuwa nimeshatengeneza redio, nimeshafuga sungura wakaliwa na siafu, naendesha bodaboda ya mtu. Siku moja nikampeleka abiria huko juu kwa Wamatengo, nikakuta kila mtu analia. Nguruwe pori wanamaliza mahindi, wezi wanavua kahawa usiku mpaka matawi yanabaki matupu, na mbwa wa maana hakuna. Nikarudi nimewaka! Sijavua hata kofia, nikamwambia mama yako, "Mbwa! Mbwa ndiyo habari ya mjini!"

Mama yako alikuwa anaanika dagaa wa usipa. Hata hakugeuka. Akasema, "Sungura wameisha, sasa mbwa. Mwakani utatuletea mamba."

Ndiyo maana yule jike wetu tulimwita Watasema. Na kweli walisema.

Uzao wake wa kwanza sikujua kitu. Hakuna mtu aliyenifundisha, nilikuwa nasoma kwenye ile simu yenye kioo kilichopasuka, nusu ya maneno siyaoni, yale nisiyoyaona najazia mwenyewe. Matumbo ya watoto yalivimba nikasema wameshiba, kumbe minyoo. Niliwapa uji wa muhogo mtupu. Nikawagawa wakiwa na wiki nne, maana watu wa ziwani na wa mlimani, ambao hata samaki hawakubaliani bei, kwa hilo walikuwa kauli moja: mchukue akiwa mdogo, asizoee mkono wa mtu mwingine.

Na wote walikuja na gunia. Wewe umezaliwa umeukuta mchezo huo unaona ni kawaida. Mbwa anayehama anatiwa kwenye gunia, mdomo wa gunia unafungwa, asione njia. Akiiona njia atarudi. Paka hivyo hivyo. Babu yako alifanya, baba yake alifanya, nani aulize?

Yule wa kahawia mwenye miguu myeupe alitiwa kwenye kiroba cha mbolea, kile cha nailoni kisichopitisha hewa, akapandishwa juu ya basi pamoja na mizigo. Aliyemchukua alinipigia simu akiwa stendi ya Mbinga. Hakugomba. Alisema tu, "Fundi, huyu mbwa wako amelala sana."

Nikamwambia, "Atakuwa amechoka na safari."

Nilijua, Editha. Pale pale nilijua, na bado nikasema amechoka.

Uzao wa pili ulinikuta natafuta magunia tena. Ulikuwa na miaka tisa. Ukasimama hapa mlangoni, hapa alipo huyu jogoo, ukauliza, "Baba, kwani akiijua njia, atarudi kufanya nini kama huko anapendwa?"

Nikakuambia nenda ukateke maji.

Ukateka. Uliporudi ukaanza mambo yako, na mambo yako ndiyo yaliyotufikisha hapa, mimi sijawahi kukiri mbele ya mtu. Watu wakiniuliza, "Fundi, utaalamu huu umeupata wapi?" nasema kwenye simu. Simu gani? Simu ilinifundisha dawa ya minyoo na chanjo, na hata hayo bwana mifugo alinisahihisha mara mbili. Mengine ni yako. Wewe ndiye uliyechukua sweta lako la darasa la kwanza lililokubana, ukalilaza chini ya Watasema wiki nzima, halafu ukamkatia kila mtoto kipande aondoke nacho. Ukasema usiku wa kwanza ndio mbaya, akinusa mama yake atalala. Wewe ndiye uliyetoboa matundu kwenye maboksi. Wewe ndiye uliyesema wiki nane, siyo nne, na ukahesabu kwa mkaa kwenye ukuta. Alama ziko hapa hapa nyuma ya kichwa changu.

Na ile shule yako! Wiki ya nne unawagongea sufuria. Wiki ya tano nawasha pikipiki, kwanza mbali, kila siku nasogea. Wiki ya sita unawabeba kwenye kapu mpaka kwenye nyavu, wavuvi wanawashika kwa mikono inayonuka samaki, halafu kwa Bibi na fimbo yake, halafu kwa watoto wenye kelele. Wiki ya saba mmoja mmoja analala jikoni peke yake, bila mama. Watu walicheka. Yule jirani yetu mvuvi, Baba Frida, kila akipita: "Shikamoo Mwalimu Mkuu! Hawa wanafanya mtihani lini?" Wewe unamjibu bila kucheka, "Marahaba. Wewe ungekuwa umeshafeli." Mtu mzima anamwamkia mtoto kinyumenyume, na anafurahi!

Nilikuuliza siku moja kwa nini wapite mikono yote hiyo. Ulisema, "Ili wasiamini mkono mmoja tu, Baba. Huo mmoja ukiwaacha?"

Sasa nafika. Ngoja nimsogeze Watasema, ameniwekea kichwa mguuni, mguu umekufa ganzi. Amezeeka huyu. Naona huu ni uzao wake wa mwisho.

Mwaka jana alizaa saba. Wa saba alikuwa mwembamba mpaka nikadhani ni kondo la nyuma. Watasema mwenyewe alimsukuma pembeni mara tatu. Mama yako alisema, "Huyo ni wa Mungu, mwacheni." Wewe ulimtia ndani ya sweta lako la shule, lile la kijani, ukampasha joto kifuani, ukamnywesha maziwa ya mbuzi kwa bomba la sindano, tone kwa tone, ukiamka kila baada ya saa mbili. Wiki mbili! Shuleni ulikuwa unasinzia mpaka mwalimu akaniita. Akapona. Ukamwita Sindano. Ukasema, "Huyu haondoki."

Nikasema, "Huyo ni wako. Haondoki." Hukunilazimisha. Mama yako alikuwepo.

Shida ni kwamba mdomo huo huo uliokuambia wewe ulikuwa unaambia na wengine. Mimi nikifurahi siwezi kukataa mtu. Mtu akisema, "Fundi, na mimi niwekee," nasema, "Umepata!" Nimesema umepata kwa mjumbe, umepata kwa mwalimu, umepata kwa mama wa mgahawa wa Mbamba Bay. Watoto saba, mmoja wako, kwa hiyo sita. Mimi nilikuwa nimewaambia umepata watu saba. Sikuandika popote. Niliona ni baraka, nikasema Mungu atajua.

Wa saba alikuwa Mzee Ndunguru wa Ruanda, huko juu kwa Wamatengo. Alifika siku ya pili ya mtihani wako wa darasa la saba. Asubuhi ulitoka na penseli mbili na rula, ukamwambia Sindano, "Nikirudi tunakwenda kuogelea." Saa nne mzee akapiga hodi. Ametoka Ruanda jana yake, amelala njiani, miguu imevimba, kwapani ana jogoo. Unajua desturi yao na yetu: mbwa hatolewi bure, ukimtoa bure hakai. Na begani ana gunia lililokunjwa vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumchukua kijana wangu."

Nikaangalia bandani. Sita walikuwa wameshaondoka. Amebaki Sindano, amelala juu ya sweta lako, miguu juu, tumbo nje.

Nilijaribu. Nakuapia nilijaribu kidogo. Nikasema, "Mzee, huyu ni wa binti yangu."

Mzee hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikaa kwenye kigogo, akaminya goti, akasema, "Basi. Nitawaambia nguruwe wasubiri uzao mwingine." Halafu akaanza kuinuka, taratibu, na jogoo wake.

Nikaona aibu. Editha, aibu tu! Siyo shida, siyo njaa, hakuna aliyenishika shingo. Niliona aibu mzee wa watu arudi Ruanda mikono mitupu kwa sababu ya mdomo wangu, aende akaseme kijana wa Liuli ni mwongo. Ili mzee asiniite mwongo, nikaenda kuwa mwongo kwako. Nikamwambia, "Kaa mzee, mchukue."

Nikasema nitafute boksi. Akasema, "Boksi la nini? Mbwa aone njia yote mpaka Ruanda? Wewe kijana vipi?" Akakung'uta gunia. Nikasema basi achukue na sweta hili, amelizoea. Akacheka sana. "Anahama au anakwenda kulazwa?"

Nikalirudisha sweta bandani. Mimi, mtu wa yule wa miguu myeupe. Gunia lilikuwa la katani, linapitisha hewa, hilo nilijiambia. Mimi ndiye niliyemshika Sindano akaingia. Alidhani ni mchezo, alikuwa ananilamba kidole. Nilipokunja mdomo wa gunia ndipo alipolia, na alilia mpaka walipokata kona ya kanisa. Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwake, maana wewe hukuwahi kumpa sababu.

Mama yako alitoka jikoni akamwona jogoo. Akaniangalia. Akasema, "Utamwambia mwenyewe. Mimi simo." Juu ya jambo hilo hakusema neno lingine mpaka leo, na hiyo ndiyo adhabu ninayokula kila siku mezani.

Ulirudi unakimbia, mtihani umekwenda vizuri, unaita kuanzia barabarani. Nikakwambia, "Sindano ametoroka. Nadhani amewafuata wavuvi."

Nilijiambia ni kwa ajili ya mtihani. Mtihani ulikuwa umeshaisha.

Hayo yaliyofuata wewe unayajua kuliko mimi, ila hujui kuwa niliyaona. Nilikuona unakwenda mpaka kwenye mawe yanayotazama mwamba wa Pomonda, unaita. Nilikuona unauliza kila mtumbwi. Baba Frida, yule mtu wa utani, alipiga makasia mpaka kijiji cha pili kukutafutia, akarudi amelowa, akaniambia, "Fundi, mtoto wako anaumia, na mimi sijaona hata unyayo." Nikamshukuru! Nilimshukuru kwa kumtafuta mbwa ambaye nilikuwa najua yuko Ruanda. Ulimwekea sahani ya uji na usipa nje ya mlango siku tisa. Asubuhi ilikuwa tupu, ukawa unapata matumaini. Ni mimi niliyekuwa naimwaga, kisha nikawa nashindwa kuacha.

Jogoo uliniuliza katoka wapi. Nikasema nimenunua. Ukaanza kumlisha pumba. Kila alfajiri anapowika mama yako anageukia ukutani.

Sasa nikuambie kitu cha kwangu ambacho hata mama yako namwambia nusu nusu. Unajua sikumaliza shule. Ninasema siku zote nilikuwa mjanja sana, darasa lilikuwa linanichelewesha. Watu wanacheka. Si kweli. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Babu yako akaniambia, "Vaa shati zuri, twende Mbinga tukamsalimie mjomba." Nikafurahi, sikuwahi kufika Mbinga. Nikaacha mtego wangu wa samaki ndani ya maji nikijua kesho nitarudi kuutazama. Tulilala kwa mjomba. Asubuhi wakanituma dukani kununua chumvi. Niliporudi na chumvi, Babu yako hayupo. Mjomba akasema, "Baba yako amekwenda. Wewe unasoma hapa."

Alidhani akiniaga nitalia. Ningelia, ndiyo. Nililia vile vile, tofauti ni kwamba nililia na pakiti ya chumvi mkononi.

Sikuwa nimeangalia njia, Editha. Nilikuwa nimelala garini njia nzima, kwa nini niangalie? Kila jioni nilikwenda stendi kutazama magari yaliyoandikwa majina ya huku kwetu. Darasani mwili uko, mimi sipo. Kidato cha pili nikadandia lori la kahawa, lori lenyewe likanipeleka Songea! Upande usio wenyewe kabisa. Ilinichukua siku nne kufika nyumbani. Babu yako alikuwa anashona nyavu. Akasema, "Umefika?" Nikasema, "Nimefika." Basi. Hatukuwahi kulizungumza, mpaka tumemzika. Mimi nilidhani nimemsamehe. Kumbe nilikuwa nimejifunza tu jinsi ya kufunga gunia.

Jogoo ameingia, anadonoa karatasi. Nimemfukuza.

Matokeo yako yalipotoka, ukaitwa Mbinga, kila mtu alipiga vigelegele, na mimi nilipiga. Usiku ule ulisema kitu kwa mama yako, mimi nilikuwa nje ya dirisha. Ulisema, "Mama, Sindano akirudi na mimi sipo, atajuaje nimekwenda wapi?"

Wiki iliyopita niliwaambia nakwenda kufuata chanjo. Nilikwenda Ruanda. Pikipiki, mvua, tope mpaka kwenye kiti. Nilianguka mara mbili, ile ndiyo sababu ya bega, siyo kubeba mahindi. Na lile sweta la kijani ulilolitafuta wakati mnapanga sanduku, mama yako akasema ni panya, nilikuwa nalo tumboni, chini ya koti. Nilikwenda kumrudisha. Nilipanga kila kitu. Nilijiona naingia naye uani, wewe unapiga kelele, nami nasema nimemwokota njiani. Ndiyo, hata kumrudisha nilipanga kwa uongo.

Nilifika kwa Mzee Ndunguru saa nane mchana. Kabla sijazima pikipiki mbwa mmoja akatoka kwenye mahindi, mkubwa, kifua kipana, ananibwekea kama mwizi. Mke wa mzee akatoka jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiogope, huyo ni Bwana Shamba."

"Nani?"

"Bwana Shamba. Asubuhi anakagua, jioni anakagua, jembe hashiki." Akacheka peke yake, halafu akamwambia mbwa, "Mkaribishe mgeni, wewe," na mbwa akanyamaza.

Alikuwa Sindano. Lile doa jeupe chini ya kidevu, kama ametoka kunywa maziwa.

Mzee akaja, tukakaa. Aliniambia wiki mbili za kwanza mbwa alikaa chini ya ghala hali, hanywi, anapigwa na baridi. "Nikasema kijana wa Liuli amenipa mgonjwa. Nilitaka kumtupa. Huyu mke wangu ndiye aliyekuwa anakwenda kukaa naye pale chini, na mvua ile, anachambua maharage, hasemi kitu."

"Ningesema nini?" mama akasema. "Alikuwa amefiwa."

Nikanawa mikono kabla ugali haujaisha.

Nikawaambia ukweli wote. Mzee akaminya goti, akasema, "Kwa hiyo umekuja kumchukua. Na jogoo wangu yuko wapi?" Halafu akaona sura yangu, akasema, "Natania. Mwite. Akikufuata, nenda naye."

Nikasimama uani. Nikaita, "Sindano!"

Akainua masikio, Editha. Nakuambia kama nilivyoona, sijaongeza. Aliinua masikio, akaja mpaka katikati ya uwanja. Nikatoa sweta. Akalinusa, akalinusa ndani ya mikono yote miwili, mkia ukaanza kupiga, akaanza kutoa kile kisauti alichokuwa anakitoa ukimwonyesha bomba la maziwa. Akanitazama. Akatazama nyuma yangu, kwenye pikipiki, kwenye njia. Alikuwa anakutafuta wewe. Hakukuona. Akaling'ata sweta, akalikokota mpaka mlango wa jiko, akalala juu yake, miguuni kwa yule mama.

Mzee alisema, "Haya, mchukue." Sikuweza. Ningemchukua na nini? Na gunia?

Nikamwachia sweta. Nimerudi bila mbwa na bila sweta, na hadithi ya chanjo.

Yule mama aliniuliza jina lako. Akasema mwambie kutoka Mbinga kuja hapa gari zipo, na kwamba yeye hajui kuwa mbwa huwa wanakuwa na wazazi wa pande mbili, ila yuko tayari kujifunza. Kama utataka kwenda siku ya kwanza mtakayoruhusiwa kutoka, nitakuja kukupeleka. Kama hutaki kwenda na mimi, mama yako atakuja. Kama hutaki kabisa, ni sawa pia. Sindano hakutoroka. Hakukuacha. Hilo tu nataka ulale nalo. Aliyekuacha ni mimi, na sikuwa hata safarini.

Kesho gari la asubuhi anakusindikiza mama yako. Kaa dirishani, upande wa ziwa. Usilale. Angalia mpaka Mbamba Bay, pale ndipo unapoliacha ziwa na kuanza kupanda. Lami inaanzia hapo. Angalia kona, angalia ziwa likitokea chini yako mara ya mwisho kabla mlima haujalificha, baada ya hapo ni migomba, halafu kahawa, halafu baridi. Kurudi ni hivyo hivyo kinyume chake. Nauli ya kurudi nimeishonea kwenye upindo wa blanketi, mama yako anajua. Siyo ya kutoroka. Ni ya kujua kwamba ipo.

Hawa watano wakifungua macho nitawagongea sufuria mwenyewe. Nitawapeleka kwenye nyavu mwenyewe, acha Baba Frida aseme anachosema. Nitahesabu wiki kwa mkaa, nitaanzia pale ulipoishia. Na atakayekuja na gunia nitamwambia arudi nalo, hata kama ni mzee, hata kama miguu imevimba. Nitaona aibu. Nitazoea.

Nilipoanza kuandika mpango ulikuwa barua hii niitie chini ya sanduku, chini ya madaftari, uikute Jumatatu ukiwa bwenini. Nilishapachagua na mahali. Nimeandika kurasa zote hizi nikijua hivyo, ukisoma mimi niko mbali, ukilia sioni, ukinitukana sisikii, na muda utapita.

Ndiyo nimeona sasa hivi ninachokifanya.

Nasikia sauti yako huko barabarani, unamcheka mama yako kwa jambo fulani. Bibi amewafungia ndizi, bila shaka. Mkifika nitakupa mkononi, jua likiwa bado lipo. Uisome hapa nyumbani. Mimi sitoki, nipo bandani na Watasema, nimekaa juu ya ndoo. Ukimaliza, uje unifokee au usije. Mlango wa banda nimeuacha wazi.

Baba yako